Mstari Mmoja Kuhusu Kamanda Tak

Mzee aliingia bila kubisha hodi. Wenzangu wote walikuwa wameteremka kula tambi baridi, nami nilibaki kulinda ofisi kwa sababu ndimi niliyekuwa mdogo kuliko wote. Alivaa shati jeupe lenye madoa ya majani mabichi na viatu vya mpira vilivyojaa matope makavu. Begani alibeba mfuko wa turubai, na mdomoni mwa mfuko ule ulichomoza mpini wa mundu uliofungwa gazeti.

Niliuona mpini kabla sijauona uso wake.

Aliuliza kama hapa ndipo inapotengenezwa tamthilia ya makamanda wa bahari. Nikasema ndiyo, kisha nikatamani ningesema hapana. Akauliza ni nani anayeshughulikia ukweli wa historia. Juu ya meza yangu palikuwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono siku yangu ya kwanza kazini, "Uhakiki wa Historia", na pembeni nilikuwa nimechora ua dogo. Akaisoma karatasi, akanitazama.

"Ni wewe, binti?"

"Ni mimi, mzee."

"Nilitegemea mtu mwenye mvi."

Mtu mwenye mvi alikuwepo mwanzoni. Alikuwa profesa, mshauri wetu, lakini aliposoma kurasa za vipindi vya mwanzo aliomba jina lake liondolewe, akaacha kupokea simu. Tangu hapo kazi yote ilikuwa juu yangu, mimi niliyetoka chuoni majira ya baridi yaliyopita na shahada ambayo mama alikuwa bado hajaitia kwenye fremu. Sikumwambia mzee hayo. Nilimpa kadi yangu kwa mikono miwili kama inavyopasa.

Akaketi. Mfuko akauweka mapajani, mpini ukanielekea mimi. Akasema jina lake ni Tak Sang-hwan, mjukuu mkuu wa nyumba kubwa ya ukoo wa Tak wa kijiji cha Gammok, kule kusini, upande wa Goheung. Hapo nikaelewa. Kamanda Tak Eung-ryun alikuwa kwenye kipindi cha nane.

Akaona macho yangu yameganda kwenye mpini.

"Huu? Tumetoka kufyeka makaburi," alisema. Chuseok, sikukuu ya mavuno, ilikuwa inakaribia, na watu wote wa ukoo walikuwa mlimani tangu alfajiri wakikata nyasi za kaburi la babu yao. Walipopumzika, mtoto wa nduguye akasoma kwenye simu kwamba televisheni ya Seoul itamwonyesha Kamanda Tak. Mzee hakurudi hata nyumbani kunawa. Alishuka mlima, akapanda basi. "Njia nzima walinitazama kama jambazi," alisema, na hakucheka.

Hofu yangu haikuondoka. Ilibadilika tu. Mtu mwenye mundu unaweza kumkimbia. Mtu aliyesafiri nusu ya nchi na matope miguuni ili akuulize swali moja, huyo utamkimbilia wapi?

Swali lenyewe aliliuliza kwa sauti ndogo, akitazama meza.

"Alikimbia?"

Nilimweleza ninachokijua, nacho kilikuwa kidogo. Katika maandishi yote ya vita vile vya karne nne zilizopita, mwaka ule Wajapani walipovuka bahari na ngome zetu za pwani zikaanguka moja baada ya nyingine, Kamanda Tak ana mstari mmoja tu. Uko ndani ya taarifa iliyopelekwa kwa mfalme. Unasema kwamba alizamisha manowari zake, akakimbia kwa mtumbwi wa mvuvi. Basi. Hakuna kabla yake wala baada yake.

Kwao, mzee alisema, wanasimulia kwamba alizizamisha manowari ili adui asizichukue, kisha akaenda kwa miguu kutafuta msaada. Mtumbwi hawautaji. Baba yake hakuutaja, na babu yake hakuutaja, lakini yeye alipokuwa kijana aliwahi kumwona babu yake akimpiga mtu kofi sokoni kwa kusema neno mtumbwi.

"Na nyinyi mtaonyesha nini?"

Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Kwetu kurasa huja waigizaji wakiwa tayari wanapakwa rangi usoni, na za kipindi cha nane zilikuwa bado kichwani mwa mwandishi. Akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa daktari hajafika.

Kisha akasema lile lililomleta. Mwezi wa kumi wa kalenda ya kale ukoo wote hukusanyika kaburini kwa tambiko la mwaka.

"Mkionyesha kilichoandikwa, nitameza. Ni kichungu, lakini nitameza. Mkizidisha, wewe uje. Uje siku ile umwambie yeye mwenyewe kipi kimeandikwa na kipi hakikuandikwa. Ukituambia sisi hatutakuamini, tutasema umetumwa. Mbele yake hutaweza kudanganya."

Nilisikia lifti inafunguka, na kicheko cha Mwalimu Gil, mwandishi wetu, kikaja kwenye korido. Nilitaka mzee yule aondoke, yeye na mundu wake na swali lake.

"Nitakuja," nilisema.

"Usiseme kwa sababu unaniogopa."

"Nitakuja, mzee."

Akainuka, akaniinamia. Mtu wa umri wa babu yangu aliniinamia mimi, kiuno chote, kisha akashuka kwa ngazi asikutane na mtu.

Mwalimu Gil Myeong-sun ndiye aliyeiandika tamthilia ile. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonipa shida. Nilipougua mafua aliniletea uji wa malenge mwenyewe, akasimama mpaka nikaumaliza. Mitaani wanawake wa rika la mama yangu humshika mkono na kulia kwa ajili ya watu ambao yeye aliwabuni tu. Nilipomwambia mtu wa ukoo wa Tak amekuja, alicheka. "Wameshaanza? Hata hatujarusha," alisema, akanitupia chungwa.

Kurasa za kipindi cha nane zilikuja mwishoni mwa Septemba, siku ya kurekodi kule baharini. Nilizisomea ndani ya gari. Kamanda Tak anafika ufukweni, nyuma yake manowari zinazama. Kwenye matete wamejificha mvuvi na binti yake mdogo. Kamanda anataka mtumbwi. Mvuvi anaomba waondoke wote watatu. Kamanda anamtazama, anatabasamu, anamkata koo, na mtoto anabaki ufukweni akimwita baba huku mtumbwi ukipotea kwenye ukungu.

Nilishuka garini nikamtafuta Mwalimu Gil. Alikuwa chini ya hema na mwongozaji na watu wa kamera, wanakunywa kahawa.

Nikamwambia kwamba hilo la mvuvi halimo.

"Mtumbwi umo?" aliuliza.

"Umo."

"Wa mvuvi?"

"Wa mvuvi."

"Basi mvuvi aliutoa kwa furaha, akamfungia na maandazi ya njiani."

Watu wa kamera wakacheka. Nikasema hatujui aliutoaje. Pengine aliuza, pengine walipiga kasia pamoja, pengine mtumbwi ulikuwa umeachwa tu mchangani na mwenyewe keshakimbia.

"Hatujui," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Ndiyo maana kuna waandishi, Hae-in. Pale historia inaponyamaza ndipo sisi tunapolipwa."

Nilimsihi basi abadilishe jina tu, ampe kamanda ukoo ambao haupo duniani. Lakini matangazo yalikuwa yamebandikwa kila kituo cha treni, yanasema makamanda wa kweli wa vita vya kweli. Mwongozaji akasema mwanzoni mwa kila kipindi kuna maneno meupe yanayoeleza kwamba mambo mengine yamebuniwa. Nikasema hayo maneno hukaa kiasi cha kupiga chafya. Hapo hakucheka mtu.

Mwalimu Gil akanivuta pembeni, akaniuliza kama ninamwogopa yule mzee. Nikakiri kwamba ninamwogopa. "Ogopa watazamaji zaidi," aliniambia. "Mzee ni mmoja."

Na kweli watazamaji walikuwa wa kuogopwa. Wiki chache baadaye, kipindi cha sita kilipita na bakuli la kimchi, kabichi ya kuchachusha, nyekundu kwa pilipili, kwenye meza ya askari. Miaka ile pilipili ilikuwa bado haijaenea katika nchi yetu. Kurasa za chakula sikuletewa, lakini jina la mhakiki kwenye orodha ya mwisho wa kipindi lilikuwa langu. Watu walikasirika usiku kucha mitandaoni. Kituo kikaomba radhi hadharani, na wataalamu wa kompyuta wakakaa kuupausha ule wekundu jani kwa jani kabla ya marudio. Nilikaa nyuma yao nikiwaangalia, nikawaza kwamba kabichi imeombwa radhi.

Kipindi cha nane kilirushwa Jumamosi. Hakuna kilichowahi kutazamwa kama kile. Mwigizaji wa Kamanda Tak alipongezwa kwa tabasamu lake, na yule mtoto alimliza kila mtu, hata mimi niliyejua kwamba hakuwahi kuwepo.

Kufikia Jumatatu watu walikuwa wamelipata kaburi.

Niliona picha kwenye simu yangu nikiwa kwenye foleni ya duka. Mtu alikuwa amemwaga ndoo za utumbo wa samaki juu ya nyasi. Mwingine alikuwa ameandika "muuaji" kwenye jiwe kwa rangi nyekundu. Chini ya picha maelfu walicheka. Wengine waliuliza ni shule gani wanakosoma watoto wenye jina la Tak wa Gammok, na wengine wakawajibu. Nilirudisha maziwa kwenye rafu nikatoka, kwa sababu nilihisi kila mtu dukani ananijua.

Wazee wa ukoo walikuja Seoul wakaketi mbele ya kituo na vitambaa vyeupe vichwani. Niliwaona kutoka dirishani. Mzee Tak Sang-hwan hakuwa miongoni mwao. Baada ya hapo ikaja barua ya wakili, na baada ya barua ya wakili zikaja simu.

Kwenye nyingi walitukana wakakata. Moja haikuwa na tusi hata moja.

"Ban Hae-in? Usikate. Mimi ni Tak Du-jin. Mzee ni baba yangu mkubwa." Nyuma ya sauti nilisikia kitu kinasuguliwa, kwa mwendo uleule. "Mimi ndiye ninayesugua jiwe. Rangi haitoki. Nimekupigia uijue sauti yangu tu, ili siku ukiisikia nyuma yako usishtuke."

Kuanzia hapo nilitembea nikiwa nimeegemea kuta. Kwenye ngazi za treni nilingoja watu wote wapite ndipo nishuke. Nilihamia kwa rafiki yangu wa chuo, nikalala sakafuni upande wa mbali na mlango. Mtu akikohoa nyuma yangu, nilisogea kando mpaka apite. Nilikuwa nimesoma historia miaka minne nikiamini kwamba wafu hawawezi kumdhuru mtu na mtu hawezi kuwadhuru wao. Sasa niliona nimekosea pande zote mbili.

Mawakili wa kampuni walituita wote. Wakatukataza kuongea na mtu yeyote wa ukoo ule, kuandika, hata kusalimiana nao njiani. Neno moja la kukubali, walisema, na kesi tumeshindwa. Baada ya kikao Mwalimu Gil alinibakiza. Alisema tamthilia yake inayofuata itakuwa na waandishi wawili, na jina la pili anataka liwe langu. Nilikuwa nimeota jambo hilo tangu nikiwa msichana wa shule. Aliliona usoni mwangu, akanishika mkono.

"Kaa kimya tu," alisema. "Sikwambii udanganye."

Nikamwambia nimeahidi kwenda kaburini.

Aliuachia mkono wangu. Alitazama dirishani kwa muda mrefu, kule chini wazee walikokuwa wameketi kwenye mikeka ya plastiki, na nilipomtazama niliona kwamba yeye pia anaogopa. Akasema kuna watu mia na zaidi wanaokula kwa kazi hii, mafundi seremala waliounda manowari zile, wanawake wa ushonaji, vijana wa taa. Akauliza kama nitawaahidi na wao kitu.

Nikachukua koti langu.

"Ukienda," alisema, "usirudi. Si hapa tu, bali popote ninapojulikana. Nami najulikana kila mahali, mwanangu."

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mzee mwenyewe hakupiga simu hata mara moja. Wengine wote walinitaka kitu. Yeye alikaa kimya, na kimya kile kilinifuata jikoni, bafuni, kwenye treni. Jioni ya kuamkia tambiko nilimpigia. Nilikuwa nikitumaini ataniambia nisije.

Alinisikiliza. Kisha akasema vijana wamekasirika, watoto wamepigwa shuleni, na yeye magoti yake hayana tena nguvu ya kumzuia mtu. Hawezi kuniahidi kwamba hakuna atakayenigusa.

"Kwa hiyo nisije, mzee?"

Nilimsikia anapumua.

"Mimi nitakuwepo," alisema, akakata simu.

Basi la Goheung liliondoka Seoul jua likichomoza. Sikuweza kula. Kusini mashamba ya vitunguu saumu yalikuwa yameanza kuchipua, na harufu ya mwani unaokauka iliingia kila mlango ulipofunguka. Dereva wa teksi alikuwa msemaji mpaka nilipomwambia ninakwenda kwenye kaburi la akina Tak. Hapo akanitazama kwenye kioo, akaniteremsha darajani na kusema gari lake halipandi pale, ingawa barabara ilikuwa nzuri.

Mlimani niliona makoti meupe ya wanaume yamejipanga kati ya misonobari. Chini, kando ya njia, wanawake walikuwa wakikaanga samaki kwenye majiko ya gesi. Walipoona mtu mgeni amevaa koti jeusi, waliacha kugeuza samaki mmoja baada ya mwingine, mpaka ikasikika sauti ya mafuta peke yake.

Mtu mmoja alisimama katikati ya njia. Alikuwa mpana, wa makamo, na kucha zake zilikuwa na wekundu ambao haukuwa damu.

"Umekuja kweli," alisema.

Niliijua sauti. Alikuwa amenionya nisishtuke, lakini nilishtuka hata hivyo. Alinishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu sana, akauchukua mfuko wangu akaupekua. Akauliza kamera iko wapi. Nikasema sina. Akauliza nani amenituma. Nikasema hakuna.

"Kampuni nzima hiyo, ikakosekana hata suruali moja ya kuja? Wakamtuma huyu wa kupeperushwa na upepo?" Akawageukia wanawake, lakini hawakucheka. "Mwanamke hapandi wakati wa tambiko. Mama yangu mzazi yuko pale anakaanga samaki. Wewe ni nani?"

"Mwache apande, Du-jin."

Sauti ilitoka juu, imechoka. Mkono uliniachia. Nikapanda, na Du-jin akapanda nyuma yangu hatua kwa hatua, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake shingoni. Sikugeuka. Nilitazama visigino vya misonobari, mizizi ile inayotokeza kama vidole, nikajiambia niuvuke mmoja, halafu mwingine.

Nyasi za kaburi zilikuwa zimeoshwa. Jiwe lilikuwa limesuguliwa mpaka likapauka, lakini herufi za "muuaji" zilibaki rangi ya waridi, zinasomeka. Mbele yake palikuwa na matunda ya kaki yenye rangi ya chungwa, njugu za msituni, keki za mchele na samaki mkavu mzima. Wanaume walikuwa wengi, lakini nafasi za nyuma zilikuwa tupu, na nilielewa kwamba ni za vijana ambao hawakuja mwaka huu. Waliona aibu kuonekana hapa. Hilo ndilo lililokuwa likimla mzee. Yeye ni mjukuu mkuu. Baada yake ni nani angemimina kikombe, na kwa ajili ya nani?

Mzee Tak Sang-hwan alivaa kofia nyeusi ya kitani. Alimimina kikombe cha kwanza, mmoja wao akasoma maneno ya kumkaribisha babu, kwa lugha ya kale, akivuta kila neno. Kisha mzee akanitazama, akasogea kando.

Nilipiga magoti mahali aliponiachia. Nyasi zilikuwa zimelowa na ubaridi ukapanda hadi mapajani. Nyuma yangu mtu akacheka kwa pua.

"Kamanda," nilisema hatimaye, kwa lugha ya heshima kubwa kuliko yoyote ninayoijua. "Mimi ni Ban Hae-in. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya mwisho, kama mtu aliyethibitisha. Nimekuja kusema kipi kimeandikwa na kipi hakikuandikwa." Nikalitazama jiwe. "Imeandikwa kwamba ulizamisha manowari zako. Imeandikwa kwamba ulikimbia."

Kelele ikazuka. Fimbo ilipigwa chini. Mtu akasema mtoe huyo, mwingine akanitaja kwa tusi la mnyama. Niliinamisha shingo nikingoja pigo, na sikujua litatokea upande gani. Halikutokea. Nikaendelea haraka, kabla ujasiri haujaisha.

"Imeandikwa kwamba ulikwenda kwa mtumbwi wa mvuvi. Baada ya hapo hakuna neno. Kumuua mvuvi hakukuandikwa popote. Mtoto hakuandikwa. Tabasamu halikuandikwa. Hayo tulikutungia sisi, kwa sababu tulitaka watu watazame."

Kisha Du-jin akachuchumaa karibu yangu. Safari hii sauti yake ilikuwa laini, karibu ya kubembeleza, nami niliiogopa zaidi hivyo.

"Malizia basi, dada. Sema hakuua. Neno moja tu. Ukishasema hivyo mama yangu atakulisha, nami nitakupeleka stendi mwenyewe kwa gari langu. Watoto wetu watarudi shule. Hakuua. Sema."

Nikainua macho. Wote walikuwa wananitazama, na hasira ilikuwa imetoka nyusoni mwao; kilichobaki ni kuomba. Hata Mzee Tak. Alikuwa ameshika birika la pombe ya mchele, hamimini. Nilitaka kulisema lile neno. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Lingewapa usingizi, lingenitoa mlimani salama, na yupo nani wa kunibishia?

Kijana mmoja aliyesimama kando ya jiwe alikuwa ameinua simu. Alikuwa akirusha moja kwa moja. Niliona maoni yakipanda kwenye kioo kama mapovu. Ningemwomba aishushe. Sikumwomba.

"Sijui," nilisema.

Du-jin akafumba macho.

"Sijui kama uliua, Kamanda. Hakuna ajuaye. Siwezi kusema uliua, na siwezi kusema hukuua. Ndiyo maana hatukuwa na haki ya kusema chochote, na mimi nilikuwa pale, na jina langu likapita. Hili ndilo niliahidi kuja kusema."

Nikasimama, nikainama kwa mara ya kwanza mpaka paji likagusa nyasi. Ndani ya koti simu ikaanza kutetemeka. Ikanyamaza, ikatetemeka tena. Sikuhitaji kuitoa ili nijue ni Mwalimu Gil. Du-jin alikuwa bado amechuchumaa pale, mikono imening'inia kati ya magoti, na sikujua atafanya nini nikigeuka.

Wafu huinamiwa mara mbili. Nikainuka, nikakusanya mikono, nikashuka mara ya pili na macho yangu wazi, nikitazama udongo karibu kabisa. Simu ilitetemeka muda wote ule. Juu yangu nikasikia pombe inamiminwa polepole, na Mzee Tak akasema kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua:

"Babu, amekuja."